Kichaka Kikifyekwa, Ndege Aende Wapi?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husikika sana vinywani mwa wafanyabiashara na waweka hazina, lakini maana yake haikomei dukani. Taifa nalo lina mali ambayo haikuandikwa katika daftari lolote, nayo hupotea siku baada ya siku bila yeyote kupiga ripoti kituoni. Leo nataka kuzungumza juu ya mali ya aina hiyo: mali yenye mbawa, ambayo huamka kabla yetu, hutua kwenye nyua zetu, na ambayo wengi wetu, walimu na wanafunzi tukiwemo, hatuwezi hata kuitaja kwa jina.

Jumamosi moja niliandamana na wanafunzi ishirini na wawili wa chama cha wanyamapori cha shule moja ya upili mjini Embu, pamoja na walimu wao wawili. Nia ilikuwa kushinda kutwa tukitazama ndege na wanyama. Asubuhi tungekuwa katika mabonde ya vijito yaliyo magharibi mwa mji, ambako Embu hupakana na Kirinyaga. Mchana tungeteremka nchi kavu ya Mbeere hadi Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea. Vifaa vyetu vilikuwa darubini mbili, kitabu kimoja cha picha za ndege kilichochakaa jalada, na daftari la kurasa tisini na sita. Nayataja haya mapema kwa sababu najua kwamba swali la kwanza la mwalimu atakayesoma makala haya litahusu gharama.

Kabla hatujaondoka, mwalimu aliyetuongoza alitoa zoezi dogo. Kila mwanafunzi aliambiwa aandike majina ya ndege kumi anaowajua. Karatasi ziliporudi, karibu zote zilifanana: kuku, bata, njiwa, kunguru, mwewe, tai, bundi, mbuni, kasuku, tausi. Kuku na bata ni wa kufugwa. Tausi ni ndege wa Bara Hindi. Kasuku wamemjua kutokana na vitabu vya hadithi. Wakati huohuo, juu ya paa la bweni, palikuwa na ndege wawili wakiimba kwa sauti kuu, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyowataja.

Sikuwacheka, maana nami nilikuwa nimejaribu zoezi lilo hilo kimoyomoyo na sikufika mbali. Ila kulikuwa na jambo moja lililonigusa. Msichana mmoja kutoka upande wa Mbeere aliandika majina manne tu, kisha akaacha. Mwalimu alipomdadisi, alisema kwamba anawajua ndege wengine wengi, lakini majina yao anayajua kwa lugha ya nyumbani peke yake, na alidhani majina hayo hayahesabiki. Aliyafunzwa na nyanya yake wakifukuza ndege katika shamba la mtama. Msomaji, hebu lifikirie jambo hilo. Mtoto anayejua zaidi kuliko darasa zima alidhani kwamba hajui kitu.

Tulifika bondeni jua likichomoza nyuma yetu. Mlima ulikuwa umejitokeza waziwazi, theluji na mwamba vikionekana pamoja. Wako wasemao kwamba jina Kirinyaga latokana na nyaga, yaani mbuni, kwa kuwa weusi wa mawe na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume. Kama ndivyo, basi hata mlima uliolipa taifa letu jina ulipewa jina lake na watu waliokuwa wakitazama ndege kwa makini. Wazee wetu hawakuhitaji kualikwa na chama chochote ili wainue macho yao.

Kufikia saa nne daftari lilikuwa na aina thelathini na moja. Tuliona kwarara wakipita juu wakilia kwa sauti zao za kukwaruza. Tuliona chozi wakinyonya maua ya migomba, pasa wenye mikia mirefu wakining'inia kwenye mapapai, mdiria akiwa ametulia juu ya waya, na mbayuwayu wakikata hewa juu ya chai. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi kwamba baadhi ya mbayuwayu hao huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi ya kwao. Mwanafunzi mmoja aliuliza wanajuaje. Jibu lilikuwa zuri: ndege hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete ndogo yenye nambari mguuni, kisha huachiliwa. Hapa Kenya kazi hiyo imefanywa Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka wa 1969, nayo imetuonyesha njia wanazopita wageni wetu hao. Kwa hakika elimu hiyo yote imetokana na pete, nambari na daftari.

Ndipo tukasikia zogo. Halikuwa wimbo hata kidogo; lilikuwa kama ugomvi wa majirani waliogombania maji kwenye bomba. Sauti zilitoka ndani ya kichaka kizito kilichofunika kingo za kijito, kichaka cha ule mmea ambao wataalamu huuita lantana, wenye maua madogo yaliyochanganya manjano, waridi na wekundu, shina lenye vijiba vya kukwaruza, na harufu kali ukiyafikicha majani yake. Tulinyamaza. Baada ya dakika kadhaa ndege mmoja alijitokeza, kisha wa pili, mwishowe wakawa watano. Walikuwa wa madoadoa meusi na meupe, ubavuni wakiwa na rangi ya hudhurungi, macho mekundu kama makaa. Hapakuwa na wawili waliofanana kabisa. Mmoja alikuwa na weupe mwingi kichwani, mwingine karibu mweusi wote. Walishuka chini, wakapekua majani makavu wakitafuta wadudu, kisha wakarudi kichakani kwa mkupuo huku wakiendelea kupayuka.

Ndege huyo kwa jina la kisayansi huitwa Turdoides hindei. Nitamwita ndege wa Hinde, kwa kuwa alipewa jina la Sidney Langford Hinde, daktari aliyetumikia utawala wa Waingereza katika nchi hii. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka wa 1900. Lakini jambo ambalo kila mwanafunzi wa Embu, Meru, Tharaka Nithi, Kirinyaga na Machakos angepaswa kulijua ni hili: ndege huyu hapatikani mahali pengine popote duniani ila Kenya, na hapa Kenya penyewe hapatikani ila katika sehemu chache za nyanda hizi zilizo mashariki na kusini mwa Mlima Kenya. Ukimkosa hapa, umemkosa ulimwenguni. Naye yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Maisha yake nayo ni somo. Huishi katika kundi dogo la jamaa, na kundi hilo hulinda eneo lake mwaka mzima. Majike na madume wasio wazazi husaidia kuwalisha makinda wa wenzao. Hana makuu ya kukaa msituni mlimani wala mbugani peke yake. Huishi pembeni mwa mashamba, katika vichaka vya mabonde, jirani kabisa na kahawa, mahindi na migomba. Watafiti waliomfuatilia tangu miaka ya 1990 wamethibitisha kwamba kichaka kizito ndicho uhai wake: humo hujificha, humo hujenga kiota, na kando yake hutafuta chakula. Zamani vichaka hivyo vilikuwa vya miti na miiba ya asili. Vilipofyekwa kwa ajili ya kilimo, lantana, mmea wa kigeni uliotoka katika nchi za joto za Amerika na kupandwa huku kuwa ua, ulienea na kushika nafasi yao. Ndege akahamia humo, kwa kuwa hakuwa na pengine.

Hapa ndipo palipo na fundo, nami sitaki kulificha. Lantana ni magugu. Huvamia malisho, huwadhuru ng'ombe wanaoyala majani yake, na mkulima mwenye akili timamu huiondoa shambani. Hivyo basi, ndege huyu adimu wa nyanda hizi amejikuta akitegemea mmea ambao kila afisa wa kilimo angemshauri mkulima aung'oe. Asiyelijua hilo huweza kufanya jambo jema kwa mkono mmoja na kuua kwa mkono mwingine.

Tukiwa bado tumeduwaa, mwenye shamba alitokea. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, amevaa koti la mvua na viatu vya mpira, panga mkononi. Wanafunzi walimwamkia kwa heshima, wakimwita guka, naye akawaitikia vizuri na kutaka kujua kilichowaleta. Mvulana mmoja, mwenye haraka ya ujana, alimweleza habari yote ya ndege kwa pumzi moja, kisha akamalizia kwa kumwomba asikifyeke kichaka kile. Ilikuwa wazi kwamba panga lile lilikusudiwa kichaka chenyewe, kwani upande wa juu ulikuwa tayari umesafishwa na udongo kuachwa uchi.

Mzee hakukasirika. Alimtazama kijana, kisha akamtazama mwalimu, akasema, "Mjukuu wangu, nimekusikia. Shamba hili ni ekari moja na robo. Nina wajukuu watatu wanaosoma. Sasa niambie wewe unayesoma: ndege huyo atawalipia karo?"

Hapakuwa na aliyejibu. Nami, niliyezoea kutoa majibu ya kila jambo katika safu hii, sikuwa na la kusema. Nimelichukua swali hilo hadi nyumbani, nimelala nalo na kuamka nalo, na makala haya ni jitihada yangu ya kulijibu.

Lakini kwanza nimalize safari. Adhuhuri tulikuwa Mwea. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka wa 1976, nayo ina ukubwa wa kilomita mraba 42 tu, mahali ambapo mto Thiba hukutana na Tana kando ya bwawa la Kamburu. Watoto waliona viboko wakiwa wamezama hadi puani, mamba mchangani, kuro wakinywa maji, na fukombe mwenye kichwa cheupe akilia juu ya mti mkavu. Tuliambiwa kuwa humo pia huishi bundi mkubwa alaye samaki, ambaye watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kumtafuta. Sisi hatukumwona, na wanafunzi walijifunza kwamba kutoona nako ni sehemu ya kutazama. Ndege wa Hinde naye yumo hifadhini, na ni jambo la kushukuru, kwa kuwa ni sehemu chache mno zilizolindwa kisheria ambamo anaishi.

Tuliwaona ndovu vilevile, na habari ya ndovu wa Mwea ina funzo. Hifadhi imezungushiwa ua wa umeme ili kuwatenga na mashamba. Ua ulifanya kazi yake, ndovu wakazaana, hadi kufikia mwaka wa 2024 idadi yao ikawa imepita 150, ilhali eneo lenyewe lilikadiriwa kutosha ndovu 50 hivi. Mnamo Oktoba mwaka huo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS) lililazimika kuwahamisha ndovu wapatao hamsini na kuwapeleka Aberdare. Ndovu huweza kudungwa sindano ya usingizi, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa kwingine. Ndege wa kichakani hawezi kufanyiwa hayo. Kwake yeye hakuna ua wala lori. Mlinzi wake ni mkulima mwenye panga.

Nikiwa njiani kurudi nilikumbuka jirani zetu wa Meru. Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka wa 1966, inajulikana kote duniani kwa sababu ya simba mmoja. Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, aliachiliwa huko na huko ndiko lilipo kaburi lake, na kitabu cha Joy kilichotoka mwaka wa 1960 kilisomwa katika lugha nyingi. Hata hivyo, umaarufu haukuinusuru mbuga. Katika miaka ya 1980 majangili waliivuruga Meru, na mwaka wa 1988 wakawaua faru weupe watano waliokuwa wakilindwa usiku na mchana. Mwaka uliofuata George Adamson mwenyewe aliuawa Kora, jirani na hapo. Ilichukua miaka mingi, fedha nyingi na kazi kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kabla ya Meru kuwa tena makao ya faru na kimbilio la watalii.

Nasema haya si kwa kuidharau Meru, bali kwa kutaka tujiulize. Mtalii atokaye London anamjua Elsa. Je, mwanafunzi wa Maua, Nkubu, Chuka au Runyenjes anamjua ndege ambaye Mungu amempa yeye peke yake kati ya watoto wote wa dunia? Tumefundishwa kwamba wanyamapori ni wale wakubwa, walio mbali, wanaotazamwa kutoka kwenye gari na wageni wenye fedha. Kwa hiyo yule mdogo aliye kando ya choo cha shule hatumhesabu. Mdharau mwiba, walisema, mguu huota tende.

Turudi basi kwenye swali la mzee. Ndege huyo atawalipia karo?

Jibu la kweli ni kwamba hapana, hatawalipia. Ni makosa, tena makosa ya kiburi, kwa mtu wa mjini kumwambia mwenye ekari moja na robo kwamba aiache kwa ajili ya ndege. Wako watakaodai kuwa watalii wa ndege watakuja na kulipa. Huenda wakaja, na katika sehemu fulani za nchi yetu vikundi vya vijana waongozao wageni hupata riziki kwa njia hiyo. Lakini si kila kijito kitakachopata mgeni, na ahadi isiyotimia huzaa chuki kuliko kutoahidi kabisa.

Hata hivyo, liko jibu jingine ambalo halihitaji kumdanganya mzee. Kichaka kile hakikuwa katikati ya shamba. Kilikuwa ukingoni mwa kijito, mahali penye mwinuko mkali ambapo jembe haliwezi kusimama sawasawa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka wa 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, na sababu yake haikuwa ndege. Sababu ni udongo na maji. Ukingo ukifyekwa, mvua ya masika huuchukua udongo uleule uliotiwa mbolea kwa jasho, na kuupeleka Rupingazi, kisha Tana, hadi katika bwawa la Kamburu. Mkulima hupoteza rutuba, na mabwawa yazalishayo umeme wa taifa hujaa tope. Kwa hiyo mzee akikiacha kichaka cha ukingoni, hampi ndege sadaka, anajiwekea akiba. Ndege ni mpangaji tu katika nyumba ambayo mwenyewe anaihitaji.

Hilo la lantana nalo lina suluhisho. Si lazima tuilinde milele. Ndege wa Hinde anataka kichaka kizito, haulizi kichaka ni cha taifa gani. Yafaa basi kuondoa magugu hayo pole pole, sehemu baada ya sehemu, huku miti na vichaka vya asili vikipandwa kushika nafasi yake. Kitakachommaliza ni kufyeka bonde zima kwa siku moja na kuliacha tupu. Hapana shaka maafisa wa kilimo wa kaunti zetu wangeweza kutoa ushauri huo kwa wakulima bila kuongeza hata shilingi moja katika bajeti.

Najua kuna wakulima watakaoninyoshea kidole. Watasema kwamba ndege si rafiki, na watawataja kwelea, wanaoteremka kwa maelfu juu ya mpunga wa Mwea na mtama wa Mbeere na kumwachia mtu mabua. Ni kweli tupu, wala sitalipinga. Yule msichana wetu aliyajua majina ya ndege kwa sababu utoto wake wote aliwafukuza. Lakini huko kuwajua ndiko kunakotenganisha adui na asiye adui. Asiyejua kubainisha huweka sumu inayoua kila chenye mbawa. Dawa inyunyiziwayo kwelea huwaua pia mwewe na bundi wanaokula mizoga yao, na bundi huyo ndiye aliyekuwa akiwala panya wa ghalani. Ujinga ni ghali.

Sasa nawageukia walimu. Mtaniambia kwamba hamna fedha, hamna darubini, na mtihani uko mlangoni. Kwa upande wa fedha, nimeshataja vifaa vyetu. Jijini Nairobi, Bi. Fleur Ng'weno alianzisha mwaka wa 1971 matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makavazi ya Kitaifa, na wengi walioanza katika matembezi hayo wakiwa hawajui lolote wamekuwa wataalamu. Mtaji mkubwa ulikuwa kuja, na kurudi tena wiki iliyofuata. Nao Muungano wa Vyama vya Wanyamapori vya Kenya, uliozaliwa mwaka wa 1968, ulianzishwa na wanafunzi wenyewe. Hawakungoja waraka kutoka wizarani.

Kuhusu mtihani, nasema kwamba mwanafunzi aliyehesabu ndege katika bonde moja kwa mwaka mzima amejifunza hesabu, biolojia, jiografia na uandishi wa insha kwa wakati mmoja. Mtaala wa umilisi ambao tumekuwa tukiutekeleza unadai mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Mbona basi tumwandikie ubaoni neno "mazingira", ilhali mazingira yenyewe yanapiga kelele dirishani?

Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila shule iwe na daftari la ndege. Liwekwe ofisini au maktabani, na kila aonaye ndege aandike tarehe, saa, mahali na alichokiona, hata kama jina halijui. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa hazina ambayo hata chuo kikuu kitaiomba.

La pili, majina. Wanafunzi watumwe kwa wazee kukusanya majina ya ndege kwa Kimeru, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere, pamoja na sababu za majina hayo, na methali na hadithi zinazoambatana nayo. Kiswahili chenyewe kina upungufu hapa. Kina utajiri wa majina ya ndege wa pwani, lakini ndege wengi wa bara hawana jina ndani yake linalofahamika. Lugha hukua kwa kukopa kutoka kwa jamaa zake. Wazee wanaoyajua majina hayo wanatuaga mmoja mmoja, na kila azikwapo mmoja, kurasa kadhaa huzikwa naye.

La tatu, kila shule iliyo na uwanja mpana iache kona moja isiyofyekwa. Tumezoea kudhani kwamba usafi ni udongo mtupu uliofagiliwa, na adhabu ya mtoto mtundu ni kumpa panga akafyeke nyasi. Ni jambo la ajabu kwamba katika shule zetu kichaka kimekuwa chombo cha kuadhibia. Kona moja ikipandwa miti ya asili, kama vile muuru, ambao ni fahari ya misitu ya Meru, haitachafua shule. Itaipa maabara isiyohitaji umeme.

La nne ni manati. Wavulana wengi hujifunza kumjua ndege kwa mara ya kwanza kupitia jiwe. Sitasema wapigwe au watishwe. Nimeona mwenyewe siku ile kwamba aliyekuwa hodari kuliko wote kuwaona ndege majanini alikuwa mvulana ambaye wenzake walimtaja kuwa bingwa wa manati. Jicho analo tayari. Mpeni darubini na daftari, mtampata mlinzi wa ndege katika nafsi ya mwindaji.

Jioni tuliporudi, basi letu lilipita tena karibu na lile bonde. Daftari lilikuwa na aina sitini na nane. Mwalimu aliomba dereva asimame, akashuka na yule mvulana wa haraka pamoja na yule msichana wa Mbeere, wakamwendea mzee. Safari hii msichana ndiye aliyesema. Hakumwomba asifyeke. Alimwuliza kwanza jina la ndege yule kwa lugha yake. Mzee aliweka panga chini. Alilitaja jina, akaeleza kwamba utotoni mwao walipomsikia akipiga kelele kichakani walijua kuna nyoka au paka mwitu karibu, basi hawakupeleka mbuzi upande huo. Walizungumza kwa muda mrefu hata dereva akaanza kupiga honi. Mwishowe mwalimu akamwonyesha ukingo ulivyoanza kumomonyoka pale palipokwisha kufyekwa.

Mzee hakutoa ahadi. Alisema atafikiri, na kwamba sehemu iliyobaki haina haraka. Sijui ameamua nini, wala sina haki ya kumwamulia. Najua tu kwamba asubuhi alimwona ndege kuwa mshindani wa karo ya wajukuu, na jioni alimkumbuka kuwa mlinzi wa mbuzi wake. Tofauti hiyo haikuletwa na sheria wala ua wa umeme. Ililetwa na mtoto wa shule aliyeuliza jina.

Walimu, kazi hiyo iko mikononi mwenu. Wanafunzi, kesho kabla ya kengele ya kwanza, inueni macho juu ya paa la darasa, kisha andikeni mlichokiona.